Kiatu cha Shangazi

Jumapili, tarehe 2

Nesi aliniambia niandike jinsi binti yangu anavyolala: anakoroma au hakoromi, anahema kwa pua au kwa mdomo. Nimeandika. Anakoroma kama mzee aliyeshiba, na pua yake ni pambo tu. Sasa kalamu bado ina wino na mvua imenifungia ndani, basi nitaandika na mengine.

Daktari amesema mafindofindo yake yakatwe. Yamekua mpaka yanakaribia kupeana mikono kooni. Mwaka huu ameugua koo mara nyingi hata mwalimu wake wa chekechea akaniuliza kama huyu mtoto ni mwanafunzi au mgeni. Tumepangiwa Jumatano ya wiki ijayo. Hospitali watakata, nesi kasema, lakini kupona kutafanyika nyumbani, na kutachukua karibu wiki mbili. Aliposema "nyumbani" alinitazama mimi, hakumtazama mama yake.

Nyumba yenyewe ndiyo karakana. Mimi ni fundi makochi. Chumba cha mbele kina cherehani, marobota ya vitambaa, sponji hadi darini, na gundi ambayo hata panya wameikimbia. Nesi akasema vumbi hapana, moshi hapana, harufu kali hapana. Nikamwambia hapo amenitajia maisha yangu yote. Hakucheka.

Binti ana miaka mitano na jina zuri tu, lakini halitumiki. Tunamwita Chiriku. Tangu alipojua kusema hajawahi kunyamaza, hata usingizini hujibizana na watu.

Mke wangu ni mpishi wa shule ya bweni. Wamempa likizo ya siku chache, mpaka Jumapili baada ya upasuaji, basi. Lakini sina wasiwasi. Nimeshaongea na dada yangu, atakuja kukaa nasi muda wote. Mama alipofariki, dada ndiye aliyenilea, naye akiwa msichana mdogo tu. Alinibeba mgongoni mpaka watu wakadhani mimi ni mwanawe. Dada akisema anakuja, mimi hujitandikia na kulala.

Jumatano, tarehe 5

Dada amekuja leo kutuona, kati ya manyunyu mawili. Amemsuka Chiriku nywele za kulalia, zisizochoma kichwa kwenye mto. Kazi yake ni ususi, na mkono wake mwepesi. Chiriku alikuwa amekaa katikati ya magoti yake akimhoji kama hakimu.

"Shangazi, watanikata na kisu?"

"Kisu cha nini? Wewe si kitunguu. Utalala, utaamka, utakula barafu. Huumii hata kidogo."

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Akaacha. "Wifi, nesi alisema ataumwa, tena sana. Afadhali ajue."

"Mtoto hatishwi," dada akasema. "Ukimwambia leo, ataanza kuumwa leo. Mimi nimelea, najua."

Chiriku akanigeukia. "Eti baba, siumii?"

Mke wangu ananitazama, dada ananitazama, na kitana kimesimama hewani. Nikacheka. Nikasema, "Si umemsikia shangazi yako?"

Kisha likaja suala la kiatu. Watu husema ahadi ni deni. Nyumbani kwetu ahadi ni kiatu. Ilianza pale nilipomwahidi Chiriku puto nikasahau siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikakuta kiatu changu kimoja hakipo, na nikaambiwa nitakipata puto likija. Tangu hapo ndiyo sheria: ukimwahidi jambo, unaweka kiatu kimoja chini ya kitanda chake. Ukitimiza, unarudishiwa kwa heshima zote. Fundi Redio, jirani yetu, aliwahi kurudi kwake akichechemea kwa sababu aliahidi kumtengenezea mdoli anayeongea.

"Shangazi, nikiamka hospitali utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Utafumbua macho, uso wa kwanza ni wangu."

"Kiatu."

Dada akavua kile cha kushoto, chekundu chenye kifungo, kile anachovaa siku za maana. Akaondoka na kandambili za mke wangu, kiatu cha kulia kikiwa mkobani. Chiriku alikisindikiza kile kingine chini ya kitanda, akakifunika na kitambaa kisipigwe na baridi.

Alhamisi, tarehe 6

Mvua. Cherehani imehamia kwenye banda la Fundi Redio. Mgongo wangu haujahama nayo, umebaki njiani.

Jumamosi, tarehe 8

Tumesafisha chumba cha mbele siku nzima. Sponji ina tabia mbaya, ukiifagia inaruka, ukiiacha inakaa. Tumepiga deki mara mbili, tumeosha mapazia, na harufu ya gundi bado ipo. Mke wangu anadai hiyo sasa inatoka kwangu.

Kitanda cha Chiriku tumekileta huku mbele ili awe karibu na jikoni. Nimemshonea mto wa mteremko, mnene upande wa juu, kwa sababu nesi alisema alale kichwa kikiwa juu kidogo. Sponji mpya kabisa, sikutia kipande cha zamani hata kimoja. Mafundi wenzangu wataelewa hiyo ni heshima ya namna gani.

Mama yake amegandisha juisi kwenye vikombe vidogo. Mtindi upo, viazi vya kuponda vipo, uji utapikwa na kupozwa. Dawa ya maumivu tutapewa hospitali.

Tulipokuwa tunafua mapazia, alianza tena. "Baba Chiriku, tumwambie mtoto ukweli. Bado kuna muda."

"Dada anajua watoto."

"Dada yako anajua kupendwa. Si jambo lile lile."

Nilikasirika. Nilimwambia asimseme vibaya mtu aliyenilea. Tumemaliza mapazia bila kusemeshana, kila mtu akikamua upande wake.

Jumapili, tarehe 9

Leo tumepatana. Amenipa ukoko wa sufuria, na mimi nimeelewa.

Jumanne, tarehe 11

Dada amepiga simu jioni. "Mkoba nimeshafunga, mdogo wangu. Kesho mtanikuta hospitali kabla yenu." Nilimpa Chiriku simu akamweleza mambo yote ya dunia, kisha akamuuliza kiatu cha kulia kina hali gani. Dada alicheka sana. Nyuma yake nilisikia watoto wanacheka pia. Nadhani ni wa majirani zake.

Jumatano, tarehe 12

Alitaka kwenda na kiatu, ili shangazi akivae papo hapo. Tulikitia mfukoni mwa sweta lake. Mpaka mlango wa chumba cha upasuaji alikuwa akimweleza daktari wa usingizi sheria ya viatu. Daktari akaniambia, "Huyu atakuwa wakili." Kisha mlango ukafungwa na mimi nikabaki na kile kiatu.

Benchi la kusubiria limechanika kwenye mshono, sponji imetoka. Nilikaa nikiirudisha ndani kwa kidole. Inatoka, naisukuma. Mke wangu akanishika mkono nikaacha. Kila mlango wa ukumbini ulipofunguliwa niligeuka. Aliingia mfagizi, akaingia mtu na mikongojo, akaingia mwanamke mwenye mwavuli kama wa dada, siye. Simu ya dada ilikuwa imezimwa.

Daktari alitoka akasema mambo yamekwenda vizuri. Nikashukuru mpaka nikasahau niliyekuwa namsubiri.

Chiriku alifumbua macho. Alimwona mama yake, akaniona mimi, kisha akageuza kichwa polepole kutafuta upande wa pili wa kitanda, na kule palikuwa na ukuta. Akaona kiatu mkononi mwangu. Halafu akameza mate.

Sitaki kuandika uso ule, lakini nitauandika. Kuna mafundi wanaovalisha kochi kitambaa kipya juu ya sponji iliyooza. Mteja huja kugundua akishakaa. Nimewahi kuwaona wateja wa namna hiyo wakiletwa kwangu na makochi yao, nawajua kwa macho. Binti yangu alinitazama kwa macho hayo. Alilia kidogo, kilio chenyewe kikamuumiza, akakikata. Akafunga mdomo.

Alhamisi, tarehe 13

Tumerudi nyumbani, na kiatu chekundu kimerudi chini ya kitanda. Dada amepatikana kwenye simu hatimaye. "Daraja limezolewa na maji, mdogo wangu. Hapiti mtu wala gari. Nimekaa hapa nalia tu." Nilimpa pole. Mimi ndiye niliyempa pole.

Mke wangu aliuliza, "Limezolewa lini?"

"Jana alfajiri."

"Muuza maziwa anatoka ng'ambo ile ile. Mtindi wa leo kaleta na nini, kaogelea nao?"

Nikamwambia pengine kuna njia nyingine. Akasema, "Pengine." Neno hilo moja analijua kulitumia.

Chiriku amekunywa vijiko viwili vya maji na dawa kidogo, nusu ikaishia kwenye kidevu. Hasemi. Anaonyesha kwa kidole.

Ijumaa, tarehe 14

Mvua haijakatika. Hajanywa chochote tangu mchana.

Jumamosi, tarehe 15

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi midomo ya Chiriku ilikuwa imekauka na kupasuka. Mama yake akajaribu juisi ya barafu, mtoto akageuka ukutani. Nikajaribu mimi kwa vichekesho, nikavaa sufuria kichwani, akafumba macho. Fundi Redio alikuja na mdoli wake anayeongea, amekamilika hatimaye. Mdoli akasema "Habari ya asubuhi" kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Siku nyingine Chiriku angecheka mpaka aanguke. Alimtazama tu.

Nilimpigia nesi. Aliuliza mara ya mwisho kwenda haja ndogo ilikuwa lini. Nilipomjibu akasema taratibu, "Baba, koo kuuma ni kawaida, lakini asipokunywa linakauka na kuuma zaidi, na mwili nao unakauka. Mpe dawa ya maumivu kwanza, subiri ifanye kazi, kisha maji. Mpaka jioni asipokunywa, mleteni tumtundikie dripu."

Dawa tulimpa. Aliitema yote.

Ndipo likaja gari la kaka yetu mkubwa. Huyu kaka tunamwita Bwana Mkubwa, ana nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe, na mimi hunikumbuka kitu chake kikichanika. Dereva wake alishusha kiti cha kulia chakula, kitako kimepasuka katikati.

"Watoto wamekirukia," dereva akasema, akijifuta mvua. "Nikamwambia yule dada yenu, mama, hiki kizito, yeye kakinyanyua kwa mkono mmoja mpaka garini. Ana nguvu yule! Na watoto walivyomzoea sasa, hata kula hawali bila yeye."

"Dada yetu yupi?"

"Huyo msusi. Si yuko kule? Yaya aliondoka, mzee akampigia simu, akaja siku ile ile. Bosi anasema nyumba imetulia kabisa."

"Amekuja lini?"

Dereva akahesabu kichwani, mtu wa watu, hajui anachokibeba. "Jumatatu. Ndiyo, Jumatatu, nilimfuata mimi mwenyewe. Maji yalikuwa mengi lakini daraja zima, hata leo nimelipita, hamna shida."

Jumatatu. Jumanne akanipigia akaniambia mkoba umefungwa. Kweli ulikuwa umefungwa, tena ulikuwa umeshafunguliwa kule. Na wale watoto waliokuwa wakicheka nyuma yake ni watoto wa kaka yangu.

Nilishika kile kiti nikashindwa kukiweka chini. Nikalia nacho mikononi. Mtu aliyenibeba mgongoni. Angeniambia "Kaka kaniita, siwezi kumkatalia," ningeumia na ningemwelewa, ningetafuta mtu mwingine. Lakini alimwacha mtoto wangu afumbue macho akitafuta uso wake, huku yeye akilisha watoto walio wazima, halafu akalia kwenye simu nami nikampa pole. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nikisikia methali hiyo nikidhani inawahusu watu wengine.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alikuwa na haki ya kusema "Nilikwambia." Hakusema. Alichukua kiti mikononi mwangu, akakiweka ukutani, akampa dereva chai.

Niliingia ndani nikiwa nimepanga kukitupa kile kiatu chekundu mtaroni, kiende na maji mpaka hilo daraja. Nikainama chini ya kitanda. Mkono mdogo ukanishika shati.

Chiriku akatikisa kichwa. Hapana.

Nikakaa sakafuni, uso wangu usawa na wake. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi nisogee karibu. Pumzi yake ilikuwa inanuka, nesi alishatuambia itanuka. Na pale nikaona sina kichekesho kingine, wala dada mwingine wa kumsingizia.

"Chiriku, ukimeza itauma," nikamwambia.

Akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza tangu hospitali kunitazama bila kupitiliza.

"Itauma sana. Si kidogo. Machozi yatatoka. Na masikio yatauma pia, ingawa hawakuyagusa."

Mkono wake ukapanda kwenye sikio. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Akanong'ona, na sauti ilitoka kama karatasi inayokunjwa, "Umejuaje?"

"Nesi alituambia."

"Kabla?"

Lo. Wakili kweli. "Kabla," nikasema.

"Na hukuniambia."

"Sikukwambia. Nilicheka."

Akawaza. "Shangazi alijua?"

"Alijua."

"Atakuja?"

Nilitamani kusema daraja. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeiva, na lingemfaa. "Hakuja kwa sababu yuko kwa baba yako mkubwa," nikamwambia. "Sijui kama atakuja."

Machozi yakamtoka bila sauti, maana sauti ingemuuma. Nikayaacha yatoke. Kisha akauliza, "Nisipokunywa?"

"Utaumwa zaidi, na jioni tutarudi hospitali wakuchome sindano ya maji mkononi. Hiyo nayo itauma. Ukinywa dawa, ukasubiri kidogo, kisha ukanywa maji, itauma pia, lakini kila siku itapungua. Si kesho. Kesho pengine itauma kuliko leo. Itapungua baadaye."

Halafu akanyoosha kiganja.

"Kiatu."

"Cha ahadi gani?"

"Usinidanganye tena."

Nilivua kile cha kulia, kiatu changu cha kazi, kimejaa gundi hata kamba hazifunguki. Nilikisukuma chini ya kitanda, kikakaa karibu na kile chekundu. Akanusa hewa, akakunja uso. "Kinanuka."

"Ndicho nilicho nacho."

Akanywa dawa. Alilia, akanishika kidole, akameza. Tukasubiri. Kisha akanywa maji, funda moja, akanitazama kama kunihoji: umeona ilivyouma? Nikamwambia nimeona. Akanywa la pili. Mama yake alikuwa amegeukia jiko, mabega yanamtikisika, anakoroga sufuria isiyo na kitu.

Jioni alikojoa. Sijawahi kufikiri nitaandika jambo hilo kwenye daftari kwa furaha namna hii.

Jumapili, tarehe 16

Imeuma kuliko jana, kama nilivyomwambia. Lakini amekunywa. Mimi natembea na kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, na Fundi Redio ananisalimia kwa kusimamia mguu mmoja kama korongo.

Jumanne, tarehe 18

Mke wangu amerudi kazini tangu jana. Nashinda na Chiriku mimi, na kazi naifanya banda la Fundi Redio mtoto anaposinzia, mlango wazi, sikio moja huku. Ndani ya koo lake kuna utando mweupe. Nesi kasema ndiyo kupona kwenyewe, tuangalie tu damu. Hakuna damu.

Nimempigia dada. Nilianza na daraja, kwa makusudi. "Dada, daraja vipi?"

"Wanalitengeneza, mdogo wangu, lakini pole pole mno..."

"Dereva alileta kiti Jumamosi."

Nikasikia geti la kaka likifunguka lenyewe.

"Alinipigia mwenyewe," akasema hatimaye. "Kaka yako tangu lini ananipigia? Amenipa chumba changu, anaongea na mimi mezani. Ningemkatalia vipi?"

"Mimi nilikuita kwanza."

"Wewe ni wangu. Wewe nilijua utanisamehe."

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Kaka asiyesamehe akapewa dada mwenyewe, na mimi ninayesamehe nikapewa daraja. Kumbe upole wangu wote ulikuwa umepigiwa hesabu. Nilimwambia, "Mtoto alikutafuta alipoamka," nikakata simu kabla hajalia, kwa sababu akilia mimi ndiye huwa nambembeleza.

Alhamisi, tarehe 20

Ameomba viazi vya kuponda. Ameomba na chumvi. Mvua pia imepumzika.

Jumamosi, tarehe 22

Kiti cha Bwana Mkubwa kimeisha. Nilikuwa na mawazo mabaya nacho. Niliwaza kutia sponji ya zamani ndani, yenye harufu ya paka. Niliwaza hata kusahau msumari mmoja pale katikati, pale pa heshima. Nilimweleza Chiriku wazo la msumari, naye akacheka, cheko la kwanza, kavu kama ufagio. Kisha akauliza kama atakayekalia ni shangazi. Nikasema huenda. Akaacha kucheka.

Nimetia sponji mpya na kukishona vizuri. Dereva kakichukua bila salamu zozote kutoka kwa mtu yeyote.

Jumatano, tarehe 26

Chiriku amerudi kwenye lugha. Tangu asubuhi ameeleza kwa nini mawingu hayaanguki, kwa nini Fundi Redio hana mke, na jinsi mdoli wake alivyo na mafua ya kudumu. Sauti imebadilika kidogo, haina tena ule mkoromo. Amelala mchana nikasimama kumsikiliza. Anahema kwa pua, kimya, mpaka nikaogopa, nikaweka kiganja karibu kuhakikisha.

Siku ya mapazia nilimwambia mke wangu asimseme vibaya dada. Leo nimemwomba radhi. Akasema, "Mimi sikufurahi kuwa sahihi." Nilimwamini.

Jumapili, tarehe 30

Amekuja.

Alikuja mchana, mvua ikiwa imetulia, amevaa sandali, mkoba begani, na mdoli mkubwa mwenye nywele ndefu. Yaya mpya amepatikana kwa kaka, kwa hiyo chumba chake kimepata mwenyewe. Hilo sikuuliza, alilisema mwenyewe mlangoni kabla ya kukaribishwa. Amekonda kidogo. Nilipomwona nilihisi miguu inataka kwenda kumpokea mkoba kama siku zote, nikaizuia.

"Shikamoo shangazi," Chiriku akasema.

"Marahaba mwanangu, mchumba wangu, mama yangu." Akampakata, akamwangalia kooni, akamsifia. Chiriku alikubali kupakatwa. Alimweleza yote, bila hasira, kama anavyoeleza mawingu: kwamba inauma, na masikio yanauma, na mkojo ulikataa kisha ukakubali. Dada alikuwa anaitikia "Pole, mwanangu, pole," na kila pole ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza.

Kisha akafungua mkoba, akatoa kile kiatu chekundu cha kulia, amekipaka rangi kinang'aa. Akavua sandali. "Haya, niletee mwenzake. Si nimekuja?"

Chiriku akashuka magotini mwake, akainama chini ya kitanda, akaangalia, akarudi mikono mitupu.

"Bado hujaja," akasema.

Dada akacheka, akatutazama sisi tucheke naye. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Mimi safari hii sikucheka. "Mimi ndiye huyu hapa, mwanangu," dada akasema.

"Ulisema nikiamka utakuwepo. Mimi nimeshaamka."

Dada akachungulia chini ya kitanda. "Na hicho kingine cha nani, chenye gundi?"

"Cha baba. Hicho hakirudi, bado anaendelea."

Mguu mmoja wa dada ulikuwa kwenye kiatu chekundu, mwingine sakafuni, mtupu. Akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akimuuliza mtoto wa miaka mitano kama anayemuuliza mtu mzima, "Sasa nifanyeje nikipate?"

Chiriku alifikiri kwa dhati. Alitaka kumsaidia, niliona kabisa, anampenda. "Labda wakinikata tena," akasema. "Lakini daktari alisema yakishatoka hayaoti."

Dada alikivua kile kiatu, akakirudisha mkobani, akavaa sandali zake. Alikunywa maji aliyopewa, akasema lazima awahi, mawingu yanajikusanya. Mdoli akamwacha kitandani. Chiriku alimuaga vizuri, akaanza kumfundisha mdoli sheria ya viatu.

Tangu nikiwa mtoto, dada yangu akiondoka huwa namsindikiza mpaka kituoni, mvua inyeshe, jua liwake. Leo nilimsindikiza mpaka mlangoni.